Kazi Mbaya na Mchezo Mwema



Wahenga wetu walisema: kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii nilifundishwa na mama nikiwa mdogo, na niliielewa hivi: hata kazi iwe duni namna gani, ina faida kuliko mchezo uwe mzuri namna gani. Kwa methali hii nimeishi. Kwa methali hii nimepiga deki nyumba za watu, nimesukuma viti vya magurudumu, nimefanya zamu za usiku wa Krismasi na za mchana wa Idi. Na kwa methali hii nilimlaumu kaka yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka siku tuliyomzika.

Kaka alifariki mwezi wa Februari 2022, usingizini, akiwa na umri wa miaka 54. Jina lake sitalitaja. Wanaomjua watamtambua kabla hawajafika nusu ya ukurasa, na wasiomjua nadhani kila mmoja wao ana kaka wa namna hii, au rafiki, au yeye mwenyewe ndiye. Siku ya tatu, baada ya khitma, wanaume walikuwa sebuleni na sisi wanawake tuko jikoni tunapakua. Nikamsikia ami yetu akisema, tena kwa huruma, si kwa ubaya: "Masikini, alikuwa mtu wa watu. Lakini hakuacha kitu."

Hapana aliyemjibu. Mimi nilikuwa na upawa mkononi na nilitaka kutoka niseme neno, lakini neno lenyewe sikuwa nalo. Na lililonichoma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Ami aliyatamka tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasema kila siku, kwenye simu, mezani, mbele ya mtu na nyuma yake: huyu hatoacha kitu.

Basi tangu siku hiyo nina swali moja ambalo halinipi raha, na leo nalileta kwenu. Mtu aliyeutumia umri wake kwa kucheza na kukaa na marafiki, ameishi vizuri au ameupoteza umri?

Kwanza nimweleze alivyokuwa. Tulikulia Unguja, yeye ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Wenziwe walikuwa wakifukuzana na mpira wa miguu. Yeye alivutwa na michezo ya raketi kabla hata hajaishika raketi ya kweli. Alikata vibao viwili vya plaiwudi kwa msumeno wa jirani, akachukua mlango mbovu akauweka juu ya madebe, akafunga kipande cha jarife katikati, na uwani kwetu pakawa na mpira wa meza. Watoto wa mtaa mzima walikuja. Mama alikuwa akigomba kwamba uwani hapapitiki, lakini saa hiyohiyo akitoa bakuli la mihogo kwa watoto wasio wake.

Alikuja Uingereza katika miaka ya tisini, akaweka makazi Leicester, na miaka michache baadaye nami nikamfuata. Kazi yake ilikuwa ghalani, zamu za alfajiri, kupanga mizigo. Kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kuchota maji. Maisha yake yalianza jioni. Jumanne na Alhamisi ilikuwa badmintoni, ule mpira wa vinyoya, katika ukumbi wa michezo wa mtaani. Jumapili asubuhi ilikuwa skwoshi alipokuwa bado na magoti. Majira ya joto ilikuwa tenisi katika viwanja vya bustani. Na mvua ikinyesha sana, mpira wa meza popote penye meza. Ndani ya gari lake mlikuwa na raketi sita, mikebe ya vinyoya, harufu ya soksi, na viti viwili vya nyuma vilivyokuwa daima vimekaliwa na mtu anayepelekwa mahali.

Alikuwa mcheshi. Akikosa mpira alikuwa akiitazama raketi yake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Akishinda alikuwa akimwambia aliyemshinda, "Pole, leo nimekula samaki." Na alipenda kusimulia. Huwezi kupumzika naye ukingoni mwa uwanja bila kufundishwa historia. Alikuwa akisema michezo hii yote imezaliwa katika majumba ya wakubwa, kisha ikatoroka. Badmintoni ilichezwa na maofisa wa Kiingereza kule Poona, Uhindi, na jina imelipata kwa jumba la Badminton, makazi ya Duke wa Beaufort. Skwoshi ilianzia shule ya Harrow katika karne ya 19. Tenisi ya majani ilisajiliwa na Meja Walter Clopton Wingfield mwaka 1874, na miaka mitatu baadaye yakafanyika mashindano ya kwanza ya Wimbledon. "Sasa tazama," alikuwa akisema, "nani anacheza hapa leo?" Kisha anakuonyesha ukumbi.

Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha Hashim Khan. Huyu alizaliwa kijiji cha karibu na Peshawar, na baba yake alifanya kazi katika klabu ya maofisa wa Kiingereza. Kijana akawa muokota mipira. Maofisa wakishaondoka, yeye na wenziwe waliingia uwanjani kucheza. Mwaka 1951, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuvuka miaka thelathini, alipelekwa Uingereza na akauchukua ubingwa wa Uingereza wazi, kisha akaurudia mpaka ikawa mara saba. Kaka akikifikia kipande hiki sauti yake ilibadilika, kama kwamba Hashim Khan ni mjomba wetu.

Na katika ukoo uleule kuna kisa kingine, ambacho alikisimulia kwa nadra, na sasa mimi ndiye ninayekifikiria mara kwa mara. Torsam Khan alikuwa mchezaji mkubwa wa skwoshi. Mwezi wa Novemba 1979, kule Adelaide, Australia, aliangukia uwanjani katikati ya mashindano kwa maradhi ya moyo, akafa. Mdogo wake, Jahangir, alikuwa kijana mdogo, na alitaka kuuacha mchezo kabisa. Hakuuacha. Mwaka 1981, akiwa na miaka 17, akawa bingwa wa dunia, na kwa miaka mitano iliyofuata hapana aliyemshinda. Zamani nilikisikia kisa hiki kama habari za michezo. Sasa nakisikia kama habari za ndugu: mmoja ameondoka, na aliyebaki anajiuliza afanye nini na kile alichokuwa akikipenda mwenziwe.

Turudi Leicester. Kikundi cha Jumanne kilikuwa cha watu wa ajabu. Palikuwa na mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, mmoja wa watu wapatao 27,000 waliokuja nchi hii walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka ule baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije katika mji huo. Wengi walikuja vivyo hivyo, na yeye alikuwa akisema tangazo ndilo lililomjulisha kwamba kuna mji unaoitwa Leicester. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, chenye hesabu nyingi na heshima kidogo, lakini kilitosha. Palikuwa na muuguzi kutoka Malaysia, ambaye alitushinda wote. Palikuwa na dereva wa basi kutoka Poland, na vijana wawili wa Kikongo kutoka Bukavu waliokuwa wakingojea majibu ya maombi yao ya ukimbizi.

Wanaocheza wawili wawili lazima waambizane nani apige, la sivyo wote wawili wanauendea mpira na raketi zinagongana, au wote wanauacha. Kaka na yule mzee waliambizana kwa Kiswahili: "Yangu!" "Yako!" Wakongo nao wakafuata. Baada ya mwaka mmoja ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele za "yangu" na "yako", na yule Mpolandi alikuwa akisema "yako" hata akiwa anampisha mtu mlangoni. Nililiona hili siku moja niliyokwenda kumpelekea funguo. Nilisimama mlangoni na koti langu, na nakumbuka nilichofikiri: watu wazima hawa hawana la kufanya?

Sasa mashtaka, maana simsifu marehemu kwa kumpaka mafuta. Dini inatuelekeza tuyataje mema ya maiti wetu, nami sitotaja aibu. Lakini hesabu si aibu, na hesabu isiyo na deni si hesabu.

Kaka aliachana na mkewe mwaka 2011. Wifi yangu ni mwanamke mwema na mpaka leo tunapikiana. Aliniambia neno moja ambalo sikuweza kulikanusha: "Kila mtu mjini hapa alikuwa na mume wangu isipokuwa mimi." Kaka alikuwa akisema anatoka nusu saa, na nusu saa yake ilikuwa saa mbili na nusu, kwa sababu baada ya mchezo lazima mmoja apelekwe kwake, mwingine asomewe barua ya serikali, na wa tatu ana huzuni na inabidi anywe naye chai. Siku ya akika ya mwanangu alikuja watu wanafunga jamvi. Binti yake wa pekee alikua huku anamngojea dirishani. Na nyumba kwetu hakujenga. Kiwanja alichoachiwa na baba kimeota magugu mpaka leo.

Mimi nilijenga. Nina nyumba ya vyumba vinne Unguja, ina vigae na geti la chuma, na anayelala ndani yake ni mlinzi. Nimeilala siku ishirini na sita katika miaka tisa. Nimezihesabu.

Basi nani kati yetu alikuwa na haki? Niliposhindwa kujijibu nilianza kuwauliza waliotutangulia.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, hakuwa upande wa kaka. Anasema itakuwa jambo la ajabu mtu ataabike maisha yake yote kwa ajili ya kucheza. Kwake yeye mchezo ni kama kupumzika, na mtu hupumzika ili arudi kwenye jambo la maana. Mama yangu angempenda sana Aristotle. Lakini mtu huyohuyo alitumia sehemu mbili nzima za kitabu hicho kueleza urafiki, na anasema bila marafiki hapana ambaye angechagua kuishi, hata akiwa na vyote vilivyobaki. Aliugawa urafiki mara tatu: wapo wanaopendana kwa manufaa, wapo wanaopendana kwa furaha, na wapo wanaopendana kwa wema wa kila mmoja. Urafiki huu wa tatu, anasema, unataka muda. Watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana sisi Waswahili mtu mzima tunasema amekula chumvi nyingi. Kwetu chumvi ni umri, kwake chumvi ni urafiki, na huenda ni chumvi ileile.

Nikajiuliza: urafiki wa Jumanne ulikuwa wa aina gani? Kwa kuutazama, ni wa furaha tu. Mchezo ukiisha, urafiki unaisha. Ndivyo nilivyodhani. Lakini kuna jambo katika mchezo huu ambalo sikulijua mpaka nilipoelezwa na yule muuguzi. Katika michezo ya kirafiki hapana refa. Kinyoya kikianguka karibu na mstari wa upande wako, wewe ndiye unayesema kimeingia au kimetoka. Mwenzako yuko mbali, hakuona vizuri, na lazima akubali neno lako. Maana yake ni kwamba kila jioni, mara nyingi ndani ya saa moja, mtu anapewa nafasi ya kusema uwongo mdogo wenye faida, na hapana wa kumkamata. Ukicheza na watu miaka kumi na tano namna hii, hapana unachokuwa hukijui juu yao. Unamjua anayesema "kimeingia" dhidi ya nafsi yake. Unamjua anayenyamaza. Unamjua anayekasirika, na unamjua anayeomba pigo lirudiwe kwa kuwa hakuona sawasawa. Muuguzi akaniambia: "Kaka yako alikuwa akisema 'kimeingia' haraka kuliko sote." Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikiifikiria ile nusu saa yake aliyokuwa akimwambia mkewe.

Kwa hiyo sisemi mchezo humfanya mtu mwema kila mahali. Ukweli wa uwanjani haukwenda nyumbani na miguu yake wenyewe. Ilibidi auchukue, na mara nyingi aliusahau ndani ya gari pamoja na soksi.

Upande wa dini nako nilikwenda. Sheikh aliyetusomea alitukumbusha kuwa Qur'ani imeyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao, na baadhi ya waliokuwapo waliinamisha vichwa kama kwamba aya ile imeshuka kwa ajili ya kaka. Mimi naona tuliisikia vibaya. Aya haikusema raketi ni mchezo na nyumba ya vigae ni jambo la maana. Imesema maisha haya yote ya dunia, kujenga kwetu na kujifakharisha kwetu, ndiyo mchezo. Geti langu la chuma limo. Na Mtume mwenyewe, rehma na amani zimshukie, imepokewa kwamba alishindana mbio na Bi Aisha, safari ya kwanza bibi akamshinda, na baadaye yeye akamshinda bibi, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Na sahaba Hanzala alipolalamika kwamba akiwa na Mtume moyo wake uko juu na akiwa na mke na watoto anasahau, akajibiwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Angalieni lakini: aliyeshindana naye mbio ni mkewe. Kosa la kaka, kama ni kosa, halikuwa kucheza. Ni kwamba alicheza na kila mtu ila waliokuwa wakimngojea.

Kuna na wataalamu. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliowafuatilia watu zaidi ya 8,500 kwa muda wa hadi miaka 25. Walionekana kuwa wachezaji wa tenisi waliishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi yoyote, wa badmintoni 6.2, wa mpira wa miguu 4.7, na wanaokimbia 3.2 tu. Waliofanya utafiti walihisi kwamba huenda siri ni kuwa na wenzako: michezo iliyoongoza ni ile ambayo huwezi kuicheza bila mtu mwingine. Wenyewe walionya kwamba hesabu hizi hazithibitishi kuwa mchezo ndio uliowarefusha umri. Kaka aliposikia habari hii alichapisha karatasi akaibandika ukumbini, akanipigia simu: "Dada, nimeongezewa miaka sita!" Hakuipata. Wastani wa maelfu haumwahidi mtu mmoja kitu. Lakini nimekuja kufikiri kwamba hata hivyo aliisoma karatasi ile vizuri kuliko mimi. Mimi nilitazama miaka. Yeye alitazama kwamba tarakimu zilizoongoza pale zote zinamhitaji mwenzio.

Nami nina utafiti wangu, mdogo, usio na tarakimu. Nimefanya kazi katika nyumba za kulelea wazee kwa muda wa miaka 19. Mlangoni huwa pana daftari la wageni, kila anayeingia anaandika jina lake, saa, na anayemtembelea. Katika miaka yote hii nimeyasoma madaftari hayo kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Wapo wazee waliokuwa na mali kubwa, na jina lao linaonekana mara mbili kwa mwaka. Na nilikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu asiye na mtoto, ambaye wanawake wanne aliokuwa akicheza nao karata walikuja kila Ijumaa kwa muda wa miaka sita. Wakawa watatu, wakawa wawili, na yule wa mwisho aliendelea kuja hata bibi alipokuwa hamtambui tena. Alikuwa akizigawa karata na kucheza mikono yote miwili. Sisemi watoto si kitu. Nasema kwamba nilikuwa nikilisoma daftari lile kazini, kisha nikitoka nje nampigia simu kaka nimwambie anapoteza wakati.

Alipofariki ilikuwa ni juu yangu kuondoa vitu vyake. Nilikuta daftari la hesabu za ukumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya fedha, kila mtu pauni tatu kwa jioni, na kulipia viwanja na vinyoya. Vinyoya vizuri ni vya bata bukini, unyoya 16 katika kila kimoja, na mkono wa watu wazima unaviharibu haraka, kwa hiyo vinakula fedha. Majina yamepangwa vizuri, na mbele ya kila jina alama ya kuonyesha amelipa. Wale vijana wa Kikongo nao walikuwa na alama kila wiki, kwa karibu miaka miwili. Nikawauliza. Wakanitazama kwa mshangao. Mtu anayengojea majibu ya ukimbizi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi, na posho anayopewa ni ndogo. Hawakuwahi kulipa hata siku moja; walidhani ukumbi ni bure. Hiyo, nadhani, ndiyo sehemu moja ya nyumba ambayo kaka hakuijenga.

Lakini na hapa niseme kweli yote. Pauni zile zilikuwa na mwenyewe mwingine. Binti yake alikuwa akihitaji viatu.

Siku ya maziko baridi ilikuwa kali. Kikundi chote cha Jumanne kilikuja makaburini. Yule mzee wa Kampala, Mhindu, alisimama nyuma kwa adabu mpaka tulipomaliza, kisha akaomba naye atie mchanga. Alipokuwa akitia akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha dukani, neno moja tu: "Yangu." Wengi hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikageuka upande mwingine.

Wiki chache baadaye binti ya kaka, ambaye sasa ni msichana wa chuo, alinipigia simu. "Shangazi, Jumanne utanipeleka ukumbini?" Nikamuuliza anataka kufanya nini huko. Akanijibu: "Nataka kuona alikuwa wapi."

Nilimpeleka. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake magotini, uso haukuonyesha kitu. Saa nzima aliangalia tu. Kisha yule Mpolandi akaumia kifundo cha mguu na wakabaki watatu, na huwezi kucheza wawili wawili ukiwa na watu watatu. Wakamtazama. Akasema hajui. Muuguzi akampa raketi, nayo ilikuwa ya baba yake. Hakucheza vizuri na sitowadanganya kwamba alirithi mkono. Alikosa mipira mingi. Tulipokuwa tukirudi, ndani ya gari, alilia, na katika kulia akasema maneno mawili ambayo naona yanamshinda Aristotle: "Ni watu wazuri sana, shangazi. Kwa nini hakunileta?"

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, ikiwa ni jibu. Ami alikosea aliposema kaka hakuacha kitu. Aliacha watu, na watu hao bado wanaitana "yangu" na "yako" katika mji ambao ulikuwa umewaambia baadhi yao wasije. Mali ya namna hii haigawiki kwa mirathi, na ndiyo maana hatukuiona katika sebule ile. Lakini na mimi sikukosea kabisa kumlaumu. Mchezo mwema unaharibika pale tu unapokuwa mlango wa kutokea, mtu anaukimbilia ili asikae na wale wenye haki naye. Angemchukua binti yake mkono siku moja tu ya Jumanne, mashtaka yote niliyoyaandika hapo juu yangepungua nusu.

Na kazi nayo iko vivyo hivyo. Methali ya wahenga haijakosea. Walikuwa wakimwambia kijana asile jasho la mwenziwe. Sisi tulioko ughaibuni ndio tulioigeuza. Tumeifanya kuwa ruhusa. Ukiwa umechoka kwa zamu mbili hapana atakayekuuliza kwa nini hukwenda kumtazama mgonjwa, kwa nini hujui jina la jirani, kwa nini ndugu yako alikualika miaka ishirini uje kucheza na wewe ukasimama mlangoni na koti. Mimi nilikimbia kwa kazi kama alivyokimbia yeye kwa mchezo. Tofauti ni kwamba mimi nilisifiwa.

Siku hizi kila Jumanne sifanyi zamu ya jioni. Naenda na mpwa wangu. Mimi sichezi, goti langu halitaki, lakini nimekabidhiwa daftari. Kila mtu analipa pauni tatu na nusu, kila kitu kimepanda. Kuna kijana mpya kutoka Burundi ambaye bado hajapata karatasi zake. Mbele ya jina lake nimetia alama.

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yangu, amsamehe alipopunguza, na amlipe kwa alivyozidisha. Amin.